Inchi Mbili za Koti la Refa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kabla Shangazi hajanitangulia, maana yeye akilisimulia huliongezea chumvi.

Mkasi ulikuwa mkononi. Mkono wa kushoto wa koti la Refa ulikuwa umelala juu ya meza, umenyooka kama mgonjwa anayengoja sindano, na mstari wa chaki umepita juu yake inchi mbili kutoka ukingoni. Nilikuwa nacheka. Sisemi kutabasamu. Nilikuwa nacheka kile kicheko cha tumboni kinachomlazimu mtu kushika meza. Fundi anayecheka na mkasi mkononi ni ndugu wa dereva anayesinzia: gari linakwenda, mwenyewe hayumo. Nikakata. Sufu nzuri ina mlio wake, mzito kidogo, kama mtu anayetafuna polepole. Kipande kikaanguka sakafuni, na hapo ndipo nikaona kwamba nimekata juu ya chaki yenyewe.

Asiye fundi hawezi kuuona ubaya wake. Ile chaki huonyesha mahali pa kukunja, wala si pa kukata. Chini yake unaacha kitambaa cha akiba, inchi moja na nusu hivi, kifichwe ndani, ili siku mwili wa mtu ukibadilika nguo nayo ipate pa kupumulia. Hilo ni somo la wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili kazini.

"Potelea mbali," nikajisemea, na kicheko hakikukatika.

Kilichonichekesha ni Refa mwenyewe, saa moja kabla.

Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, mitaa miwili kutoka dukani kwangu. Jumamosi na Jumapili alichezesha mpira, na jina la uwanjani likayafuta majina yote aliyopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kusalimiana kama watu waliolelewa. Salamu yetu ilikuwa matusi. Katika mtaa mzima yeye peke yake ndiye aliyeweza kunishinda kwa maneno nikaenda nyumbani nikiwa bado natafuta jibu.

Asubuhi ile aliingia na furushi chini ya kwapa.

"Fundi, upo, au nimekuta sanamu yako?"

"Nipo. Leo umeniletea kadi gani?"

"Nyekundu. Suruali uliyonishonea inataka kuniaibisha mbele za watu."

"Suruali haina kosa, Refa. Kiuno ndicho kilichohama bila kuaga."

Na kweli kilikuwa kimehama. Ninalo daftari la vipimo, jalada gumu, kila mteja na ukurasa wake. Ukurasa wa Refa ulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: thelathini na nane, halafu thelathini na sita, halafu thelathini na nne, yote ndani ya mwaka mmoja. Mara mbili nilikuwa nimempunguzia suruali zile zile. Mara ya kwanza nilimuuliza kama amepata mchumba. Mara ya pili nilimwambia akiendelea hivyo nitamshonea suruali kwa ala ya mwavuli. Alicheka, nikacheka, nikaandika namba.

Akafungua furushi mezani. Koti la sufu, lile la heshima. Suruali nne. Mashati sita, yamekunjwa kwa pembe kama karatasi za kiwandani kwao. Juu yake kijikaratasi chenye vipimo vya mdogo wake, mtu mfupi, mwembamba wa mabega.

"Zote zipunguze zimkae mdogo wangu. Anaanza kazi ya ofisini, hana cha kuvaa."

"Zote?"

"Nimesema kwa Kiswahili."

"Na wewe utavaa nini, gunia?"

Akaangalia nje kidogo, akarudi na lile tabasamu lake la pembeni. "Ninakokwenda mimi, Fundi, hawaangalii mshono."

Nikaangua kicheko. Kila mtu alijua kwamba baba yao aliwaachia kipande cha shamba huko nje ya mji, na mbuzi kadhaa, na kila mtu alikuwa akimwambia akastaafu. "Basi wasalimie mbuzi," nikasema.

"Nitawasalimia."

Kisha akanipa mkono. Miaka kumi hatujawahi kupeana mikono. Nikadhani nacho ni kichekesho, nikauchukua mkono wake kwa mikono miwili, nikainama kama mchezaji anayeomba asamehewe kadi. Akaenda zake. Nikachukua chaki.

*

Sasa lazima niseme kuhusu benchi, maana bila benchi ujinga wangu ungekuwa wa kawaida tu.

Lilikuwa la rangi ya samawati, la watu watatu, limekaa chini ya dirisha. Nesi wa zahanati ng'ambo ya barabara ndiye aliyelileta. Miezi mitano kabla ya siku ile alipita duka kwa duka akitukusanya: vinyozi wawili, msusi, fundi viatu, muuza magazeti na mimi. Jumanne nne mfululizo, wagonjwa wakishaondoka, tulikaa katika chumba chao cha kungojea, kwenye viti vya plastiki vinavyokubana makalio, naye akatufundisha. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu anayehesabu vidonge.

"Watu hawaji kwangu," alituambia. "Kuja kwangu ni kujitangaza. Mtu akionekana anaingia mlango huu kwa ajili ya mawazo, kufika jioni mtaa mzima umeshampa ugonjwa. Lakini kwenu wanakuja tu. Kwenu wanakaa. Hata suruali isipokuwa na tatizo, wanakaa."

Hakutaka tuwe madaktari. Alitaka tuangalie, tuulize, tusikilize, kisha tumsindikize mtu mpaka mlangoni kwake. Siku ya tatu alitugawa wawili wawili tujifunze kuuliza lile swali zito. Alisema tuliulize kwa jina lake, bila kulizungushia maua, kwa sababu swali halimpi mtu wazo asilokuwa nalo, linampa mlango. Mimi niliwekwa na kinyozi. Nikamtazama usoni nikasema, "Kaka, unafikiria kujiua, au nikupunguzie kiuno?"

Chumba kikaanguka kwa kicheko. Msusi alilia machozi. Nesi alingoja mpaka tumetulia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Haya, rudia. Bila kiuno."

Nikarudia, lakini nikiviangalia viatu vya kinyozi.

Basi nikapewa benchi kama wenzangu. Nikaandika kibao cha karatasi ngumu, nikakitundika juu yake: KAA. HATUPIMI WALA HATUKATI. Watu walikisoma wakacheka, na wakicheka walikaa, na wakikaa walisema. Mwanamke mmoja aliyekuja kupunguza gauni la marehemu mama yake alikaa pale saa nzima. Mzee wa duka la baiskeli alikaa siku tatu bila kusema neno, ya nne akasema yote. Niliwasindikiza wawili mpaka kwa nesi. Nikaanza kuvimba kichwa. Nilijiona nusu daktari, nikawa natembea na futi yangu, ule utepe wa kupimia, shingoni kama madaktari wenzangu wanavyotembea na kile kipimo cha moyo.

Kosa ni kwamba nilikuwa nawatafuta wanaolia. Kichwani mwangu mwenye shida alikuwa na uso wake maalumu, mrefu, wa mvua. Sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kuingia dukani akinitukana vizuri.

*

Shangazi alirudi saa saba kutoka kupeleka oda. Shangazi si shangazi yangu wa damu; ni shangazi wa mtaa, na kwangu ni macho na vidole. Vishimo vyote vya vifungo katika duka lile ni kazi ya sindano yake. Hukaa karibu na mlango penye mwanga, kopo la vifungo mapajani, na husikia kila kitu.

"Shangazi, ngoja nikuchekeshe," nikamwambia. Nilikuwa nimeshawachekesha watatu kwa kisa hicho hicho: muuza magazeti, mama aliyeleta sare za shule, na fundi saa wa mlango wa pili. Nikasimulia furushi, nikasimulia gunia, nikafika kwenye mshono na mbuzi, nikamwiga Refa hadi tabasamu la pembeni. Nikangoja.

Sindano yake ilikuwa imesimama hewani.

"Ameacha ngapi nyumbani?"

"Ngapi nini?"

"Nguo, baba. Suruali. Ameacha ngapi?"

"Amesema zote."

"Leo Jumanne. Kesho anakwenda kazini na nini?"

Mguu wangu ukaanza kuchezacheza chini ya mashine, ule mchezo wa mguu usiokuwa na kazi.

"Umekagua mifuko?"

Hilo nalo ni somo la wiki ya kwanza. Kabla mkasi haujagusa nguo, mifuko yote inapekuliwa, vilivyomo vinawekwa katika bahasha kwa jina la mwenyewe. Sikuwa nimekagua. Shangazi akainuka, akalichukua koti, akatia mkono mfuko wa ndani upande wa moyo. Akatoa filimbi. Ya chuma, imefutwa mpaka inang'aa, kamba yake nyeusi imezungushwa vizuri kabisa, mzunguko juu ya mzunguko, kama uzi uliotoka kiwandani.

"Mtu husahau tiketi mfukoni," akasema. "Husahau leso. Hiki hakijasahauliwa. Kimefungwa."

"Labda anampa mdogo wake kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nani?"

Nilianza kujitetea. Nilisema Refa huyu namjua, ni mtu wa furaha. Nilisema nikimkimbilia nikamkuta anakula chakula chake, atauchekesha mtaa mzima kwa kisa changu hadi nizeeke.

Shangazi alilikunja koti, akaliweka juu ya benchi la samawati. Alilikunja polepole, kana kwamba ndani yake kuna mtu.

"Duka lako la kwanza lilipoungua," akasema, "ulisimama juu ya majivu ukituambia angalau leo pasi zote zimepata moto bure. Tulicheka wiki nzima. Nani alikuuliza kitu?"

Hakuna aliyeuliza. Niliingia nyumbani siku ile nikakaa siku kumi na moja bila kumwambia mke wangu neno, hata la kuomba chumvi. Watu hawalijui hilo. Shangazi alilijua kwa sababu mke wangu alikwenda kulia kwake.

Nilitoka nikiwa na futi shingoni na kikofia cha chuma bado kidoleni, kile cha kusukumia sindano.

*

Sikukimbia mwanzoni. Mtu mzima akikimbia mchana, watu hutafuta mwizi. Nilitembea ule mwendo wa haraka unaotaka kuonekana wa kawaida, kisigino kinagonga, shati linashika mgongo. Njiani nilitunga kichekesho cha kuingilia. Nilitunga viwili. Nilijiambia nikimkuta nitasema nimekuja kumtolea kadi yeye.

Kwenye geti la kiwanda mlinzi alikuwa amekaa na mwavuli mweusi mapajani, na jua linawaka.

"Refa yupo?"

"Ametoka saa sita. Amesema hajisikii vizuri." Akaupigapiga mwavuli. "Bwana mwema yule. Kaniachia huu. Kasema yeye hauhitaji tena."

Hapo nikakimbia. Waache watafute mwizi.

Alikaa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, peke yake tangu mkewe afariki. Uwanja mdogo wa mbele ulikuwa umefagiliwa, alama za ufagio zimelala upande mmoja, hakuna unyayo hata mmoja juu yake. Ndoo zimefunikwa. Nikagonga. Nikagonga tena kwa kile kikofia cha chuma, na mlio wake ulinitisha mimi mwenyewe. Nikaita jina la uwanjani, kisha nikaita jina lake la kweli, ambalo nililijua kutoka kwenye daftari tu na sikuwahi kulitamka.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa amenyoa ndevu. Amevaa shati moja na suruali moja, nadhani ndizo zilizobaki duniani kwa jina lake. Nyuma yake chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Kitanda kimetandikwa kwa kunyooshwa, mezani bahasha mbili zimewekwa sambamba, hakuna hata kikombe kilichokaa mahali pake kwa bahati mbaya. Nimeingia nyumba nyingi za wanaume wanaoishi peke yao. Hakuna inayokuwa vile.

"Fundi," akasema. "Umepotea njia?"

Vichekesho vyangu viwili vilikuwa vimeshuka mahali fulani barabarani. Lile swali la nesi lilikuwepo, lakini sikulitoa. Nikasema kitu pekee kilichokuwa tayari.

"Nimeharibu koti."

"Koti?"

"Mkono wa kushoto. Nimekata bila akiba. Lazima nikupime."

"Si langu tena. Ni la mdogo wangu, na vipimo vyake nimekupa."

"Nataka vyako. Simama hapo. Inua mikono."

Sijui kwa nini alikubali. Labda mtu aliyechoka kuamua hufurahi akiamriwa. Aliinua mikono katikati ya chumba chake safi, nami nikapita nyuma yake, nikamzungushia futi kifuani. Miaka ishirini na miwili nimeshika watu namna hiyo. Ndiyo namna pekee ninayojua ya kumkumbatia mwanamume bila yeyote kati yetu kuona haya. Mfupa wa bega ulikuwa juu juu, karibu na shati. Kutoka nyuma sikuuona uso wake, naye hakuuona wangu, na hilo ndilo lililonifungua mdomo.

Nikalitaja jina lake tena. Nikasema, "Unafikiria kujiua?"

Kifua hupimwa mtu akipumua kawaida. Kile kilisimama. Niliisikia futi ikitulia kabisa kati ya vidole vyangu, haiendi mbele wala nyuma.

"Inchi ngapi?" akauliza.

"Nimekuuliza kitu."

"Nami nimekuuliza inchi ngapi."

Mdomo wangu ulikuwa na jibu. Tena zuri, la kumshinda. Nililimeza, na sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile.

"Thelathini na tano," nikasema. "Unafikiria kujiua?"

Futi ikakaza. Ikakaza mpaka ikaniuma kidoleni, halafu ikalegea yote mara moja, na sauti ikatoka ambayo haikuwa ya Refa, ilikuwa ya jina lile la daftari.

"Ndiyo."

Tulikaa sakafuni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa mno, hakuna aliyetaka kukivuruga. Aliniambia. Mwaka uliopita, kiwandani, karatasi ilikwama kwenye mashine ya kukatia. Mwenzake, kijana ambaye Refa mwenyewe alimfundisha kazi, aliingiza mkono kuitoa. Refa ndiye aliyekuwa kwenye swichi.

"Uwanjani nilikuwa naona kisigino cha mtu kikivuka mstari, mimi niko mita thelathini," akasema. "Pale alikuwa mbele yangu. Vidole vitatu, Fundi. Sikuangalia. Nilibonyeza tu."

Ripoti ilisema si kosa lake. Waliiandika, wakaipiga muhuri. Yule kijana mwenyewe alikuja kumwambia hana kinyongo, akampa mkono, ule ule uliokatwa vidole. Tangu siku hiyo hakushika filimbi. Jumamosi na Jumapili alikuwa akivaa akatoka ili watu wamwone anatoka, akazunguka mji mpaka jioni. Kiuno ndicho kilichokuwa kikimsema, na mimi nilikuwa naandika namba.

Nikamsikiliza. Sitasema nilifanya vizuri. Mguu wangu ulicheza muda wote, mikono yangu ilikunja futi na kuikunjua. Mara tatu nilitaka kumwambia si kosa lake, na mara tatu nikakumbuka kwamba muhuri umeshalisema hilo na haukumsaidia. Alipomaliza nilisema tu, "Twende kwa nesi. Nakwenda nawe. Naingia nawe."

"Watu wataniona."

"Wataniona mimi kwanza. Nina kofia ya chuma kidoleni."

Akakitazama kidole changu. Hakucheka. Lakini alivaa viatu.

Njiani alinyoosha mkono akachukua futi yangu, akaishika. Tulipita mbele ya mlinzi na mwavuli wake, tukapita mbele ya duka langu ambako Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, na aliinamisha kichwa chake tu, kama mtu anayevuta uzi kwa meno. Nesi alipotufungulia alituangalia mara moja, mmoja hadi mwingine.

"Mmefika," akasema. "Ingieni."

*

Mdogo wake alifika siku ile ile, akapitia dukani akachukua furushi, koti na filimbi ndani yake. Bahasha zile mbili aliondoka nazo nesi, na zilikuwa na nini sikuuliza. Refa alilazwa kwingine, mahali alipopachagua nesi, kisha akakaa kwa mdogo wake. Wiki sita sikumwona.

Mimi sikuwa mtu. Nilikuwa nakanyaga mashine uzi umekatika, nakanyaga tu. Usoni pa kila mteja niliona mstari wa chaki ninaoweza kuukosea tena. Nilimuuliza mwanamke aliyekuja kubadili zipu kama analala usingizi, akasema ndiyo, nikamuuliza tena, akachukua sketi yake akaenda kwa fundi mwingine. Wiki ya pili nikakigeuza kile kibao kikatazama ukuta. Wiki ya tatu nikapanga pasi juu ya benchi, zote tatu, na marobota ya bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Shangazi aliona. Akazidi kuchoma sindano kwa nguvu.

Refa aliingia asubuhi, siku ya Alhamisi, na furushi lile lile.

Alikuwa bado mwembamba. Mtu si suruali, hapigwi pasi akanyooka. Alikuwa anakunywa dawa, anakwenda kwa nesi mara mbili kwa wiki, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetoka safari ndefu ambaye bado anasikia injini. Akaweka furushi mezani. Juu yake akaweka futi yangu, imezungushwa vizuri, mzunguko juu ya mzunguko.

"Mdogo wangu kazikataa," akasema. "Kasema nguo zangu zinanuka wino. Zirudishe zilivyokuwa."

Suruali nilizirudisha kwa urahisi. Zile nilikunja kwa akiba kabla akili haijaniruka. Tulibaki na koti. Nikalitandaza. Mkono wa kushoto ulikuwa kama mtu aliyekatizwa maneno.

"Hili nitakushonea jipya," nikasema. "Sufu ninayo, rangi inakaribia."

"Sitaki jipya. Nataka langu."

"Lako nimeliharibu, Refa. Kusema kweli nililiharibu nikicheka. Kisha nikakirudia kichekesho chako kwa watu wanne."

"Walicheka?"

"Watatu."

"Wa nne nani?"

Shangazi akainua sindano yake bila kutazama juu.

Refa akalitazama benchi, pasi tatu na marobota. Akakitazama kibao kilichogeukia ukuta. "Na hii nini, ghala?"

"Nalirudisha kwa nesi. Mimi si mtu wa benchi. Mtu aliniambia waziwazi mbele ya uso wangu, nikamtuma awasalimie mbuzi. Wampe kinyozi, angalau yeye mikasi yake ni midogo."

Alikwenda akashika pasi moja, akaiweka chini. Ya pili, akaiweka chini. Ya tatu. Marobota akaniwekea mikononi mwangu, moja baada ya jingine, kisha akakaa katikati ya benchi na koti lake magotini, kama mtu aliyekodi.

Shangazi akakorogakoroga kopo la vifungo, na kutoka chini kabisa akatoa kile kipande cha sufu. Alikuwa amekiokota sakafuni siku ile na kukifua.

"Kiunge," akaniambia.

"Kuunga naweza. Lakini utaonekana, Shangazi. Mshono utapita hapa, juu ya kifundo, mzunguko mzima. Nitatumia uzi wowote, nitapiga pasi mpaka mkono udondoke, utaonekana tu." Nikamgeukia mwenyewe. Nilikuwa nambembeleza sasa, nakiri. "Wewe ni mtu wa watu, Refa. Kila utakayempa mkono atauona. Uwanjani, kazini, kila mahali. Jipya litanyamaza. Hili watu wataliuliza."

Akaingiza mkono wake katika mkono ule mfupi wa koti, akaunyoosha mbele, akautazama pale unapokatika na ngozi inapoanzia.

"Acha waulize," akasema. "Wewe ulikata kwanza, ndipo ukauliza."